Nani aliandikwa kazi, nani aliachwa: historia ya mafundi wa Kolwezi na Mutshatsha

Leo mtu wa Mutshatsha akiomba kazi ya mkuu wa matengenezo katika kampuni kubwa ya shaba, huitwa Kolwezi kwa usaili. Huulizwa pampu ikikwama usiku atafanya nini, vipuri atavipanga namna gani, na atahakikisha vipi umeme umefungwa kabla fundi hajagusa mashine. Hayo ni maswali ya kazi. Lakini katika historia ya Lualaba kuna swali jingine lililoamua maisha ya familia nyingi kuliko hayo yote: wewe ni mtu wa wapi?

Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Watu wa kuchimba hawakutosha, na mwaka 1910 ikaundwa Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kutafuta wafanyakazi. Watu waliletwa kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, na baadaye Rwanda na Burundi. Hakukuwa na usaili. Daktari aliangalia kifua, mikono na miguu, basi. Kuanzia mwaka 1928 hivi kampuni ilitoa mikataba ya miaka mitatu, ikaruhusu wafanyakazi kuishi na wake zao kambini, ikajenga shule na hospitali. Mwaka 1931 njia ya reli kutoka Tenke, kupitia Kolwezi na Mutshatsha, ilifika mpaka wa Angola na kuunganishwa na ile ya Lobito. Watoto waliozaliwa kambini walijifunza ufundi wa baba zao. Wengi wao hawakuwahi kuona kijiji cha babu.

Hata hivyo, mlango wa juu ulifungwa. Mkongo aliweza kuchomelea vyuma na kutengeneza injini kwa miaka 20, lakini mkuu wa karakana alikuwa Mzungu. Mwaka 1960, uhuru ulipofika, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu walikuwa wachache sana. Mwaka 1967 serikali ya Mobutu ilichukua kampuni, ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Ndipo mainjinia wa nchi walipoanza kuongezeka kwenye nafasi za uongozi.

Kisha vita vikaja. Machi 1977 wapiganaji wa FNLC waliotoka Angola waliteka Mutshatsha. Mwezi uliofuata jeshi la Zaire, likisaidiwa na askari wa Morocco, liliurudisha mji. Watu walikuwa wamekimbilia porini, na wengine walivuka hadi Angola. Mei 1978 Kolwezi yenyewe ilishambuliwa. Raia wengi waliuawa, Waafrika na Wazungu, na mafundi wa kigeni waliobaki hai wakaondolewa kwa ndege. Mji ulijionea jinsi mitambo yake ilivyotegemea watu wachache wenye ujuzi.

Somo hilo halikushikwa. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 450,000 za shaba kwa mwaka, lakini fedha za vipuri na matengenezo zilipungua. Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto iliporomoka. Mwaka 1992 na 1993 wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya mkoa, Likasi kwanza, kisha Kolwezi. Familia zililala shuleni na kwenye stesheni zikingoja treni, na wengine walikufa huko. Miongoni mwao walikuwamo mafundi wa umeme, wa pampu na wa injini. Mwaka 1993 uzalishaji ulishuka chini ya tani 50,000. Sababu zilikuwa nyingi, lakini ujuzi uliopandishwa kwenye mabehewa yale haukupata wa kuushika.

Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Baadaye kampuni mpya ziliingia, na mwaka 2021 mgodi wa Kamoa-Kakula, magharibi mwa Kolwezi, ulianza kutoa shaba. Treni za Lobito zinapita tena Mutshatsha.

Wenyeji wanadai watoto wao waandikwe kwanza, na madai hayo yana msingi: wamepoteza mashamba na wanavuta vumbi la barabara. Lakini dai hilo hutimizwa kwa shule ya ufundi na nafasi ya kujifunza kazini, ili kijana wa Mutshatsha afike mbele ya wasaili akiwa na jibu la pampu. Kumtoa mtoto wa aliyeletwa na treni kulishajaribiwa mwaka 1993. Mwenyeji hakupata karakana, na aliyefukuzwa hakupata kwao.