Kibuti cha Saint Paul kilichoingia Siku ya Wapendanao

Oktoba 2025 katuni za Peanuts zilitimiza miaka 75. Wengi hushangilia Snoopy, yule mbwa mweupe. Mimi moyo wangu uko kwa bwana wake, Charlie Brown, anayechungulia kisanduku cha barua kila tarehe 14 Februari na kukikuta kitupu.

Siku yenyewe ilianza na Mtakatifu Valentino, shahidi wa Roma. Mapenzi yaliingizwa karne ya 14, Mwingereza Geoffrey Chaucer alipotunga shairi la ndege wanaochagua wenzi siku hiyo. Kadi zikafuata, zikawa biashara. Ndege wa Minnesota, Marekani, wasingethubutu: Februari maziwa huganda hadi watu wanaendesha magari juu yake. Lakini ni baridi hiyohiyo iliyotupatia mpenzi maarufu kuliko wote waliowahi kukataliwa.

Charles Schulz, mchoraji wa Peanuts, alikulia Saint Paul, Minnesota, mtoto wa kinyozi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia alifundisha kuchora Minneapolis, katika shule ya Art Instruction, iliyofundisha kwa njia ya posta. Katika idara ya uhasibu alikuwamo binti mwenye nywele nyekundu, Donna Mae Johnson. Schulz, kijana wa haya nyingi, alimwachia michoro mezani kwake. Kitabu cha Rheta Grimsley Johnson cha 1989 ndicho kilichomtoa Donna hadharani, nami nakiamini kwa sababu kinamsikiliza na yeye.

Mwaka 1950, mkataba wa katuni ukiwa umeshapatikana, Schulz akaposa. Donna alikuwa na mchumba mwingine, Al Wold, na aliwapenda wote wawili. Hakuwa mchezea watu. Akamchagua Wold. Schulz akaondoka zake, halafu akarudi kuuliza kama labda amebadili mawazo. Hakuwa amebadili! Mtu aliyepigwa kibuti akapata ujasiri wa kurudi mlangoni siku hiyohiyo anastahili heshima, si kicheko peke yake.

Peanuts ilianza tarehe 2 Oktoba 1950 katika magazeti saba. Mwezi huohuo Donna akafunga ndoa na Wold, aliyekuja kuwa mzima moto. Mwaka 1961 Charlie Brown akaanza kumtamani Msichana Mdogo Mwenye Nywele Nyekundu, taswira ya Donna, ambaye Schulz hakuwahi kumwonyesha sura katika katuni za gazetini. Mwaka 1975 televisheni ikaonyesha filamu ya Valentino ya Charlie Brown: hakupata kadi siku hiyo, na watazamaji wakaingiwa na huruma hata wakamtumia kadi za kweli.

Mwandishi David Michaelis alipotoa wasifu wa Schulz mwaka 2007, watoto wa mchoraji huyo walikuja juu: baba yao, walisema, kafanywa mtu wa majonzi kupita kiasi. Nawaelewa. Mwenye majonzi matupu hawezi kuwachekesha watu kwa karibu miaka 50.

Schulz alifariki tarehe 12 Februari 2000. Katuni yake ya mwisho ikatoka kesho yake, mkesha wa Siku ya Wapendanao. Saint Paul ikajaza mitaa sanamu za Snoopy kiangazi hicho. Baadaye bustani ya michezo ya Camp Snoopy, ndani ya jumba la maduka la Mall of America huko Minnesota, ilipoteza jina hilo. Ningependa kuona mji wa Saint Paul ukimpa Charlie Brown Februari yake, kwa kuwa huzuni yake ya mapenzi ilizaliwa katika posa iliyokataliwa ya kijana wa humu.