Uteuzi wa wadhibiti wa nishati na maji Tanzania

Uteuzi wa wadhibiti wa nishati na maji Tanzania ni utaratibu wa kisheria wa kuwapata wajumbe wa bodi ya Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA). Wajumbe hao hawapigiwi kura na wananchi. Mwenyekiti huteuliwa na Rais. Wengine huteuliwa na Waziri kutokana na majina yanayopendekezwa na kamati ya uteuzi.

EWURA iliundwa kwa sheria ya mwaka 2001 (Sura ya 414) na kuanza kazi mwaka 2006. Maamuzi yake hufika hadi Kirando, kata ya wavuvi kando ya Ziwa Tanganyika katika Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa. Bei kikomo ya petroli hutangazwa kila mwezi, na miji iliyo mbali na bandari za Bahari ya Hindi hulipa zaidi kwa sababu ya gharama za usafirishaji. Mwenye boti ya injini huiona tofauti hiyo kila anapojaza mafuta.

Sauti ya wananchi

Kabla ya kupanga bei za umeme au maji, EWURA hukusanya maoni ya wadau. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji, ambalo kazi yake ni kuwatetea watumiaji; nalo halichaguliwi kwa kura. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Vijijini, watumiaji wako karibu zaidi na wasimamizi: vyombo vya maji vya ngazi ya jamii huendeshwa na wanajamii wenyewe chini ya usimamizi wa RUWASA, iliyoanza kazi mwaka 2019. Lakini hivyo ni watoa huduma, si wadhibiti.

Uhuru wa mdhibiti

Mwishoni mwa 2016 TANESCO iliomba kupandisha bei ya umeme kwa zaidi ya asilimia 18, na EWURA ikaridhia takriban asilimia 8.5. Waziri Sospeter Muhongo alisitisha ongezeko hilo mara moja, na Rais John Magufuli akamwondoa mkurugenzi mtendaji wa TANESCO. Wateja walipata nafuu, ingawa uamuzi wa mdhibiti ulitenguliwa na serikali ileile inayomteua.

Nchi nyingine

Nchini Marekani, wapiga kura wa Arizona na Georgia huchagua wadhibiti wao. New Mexico iliuacha mfumo huo kwa kura ya wananchi mwaka 2020: tangu 2023 wajumbe watatu wanaoteuliwa na gavana wameshika nafasi ya watano waliokuwa wakichaguliwa. Tanzania haina njia ya wananchi kupeleka pendekezo kama hilo kwenye sanduku la kura. Badiliko lingehitaji Bunge kurekebisha Sura ya 414.