Kioo Kilichofumwa: Shanga na Tanuri katika Historia ya Uasin Gishu

Katika nyanda za juu za Uasin Gishu, ulipo leo mji wa Eldoret, kioo kilifahamika kama shanga kabla ya kufahamika kama dirisha au chupa. Ndiyo maana historia ya sanaa ya kioo mahali hapa ni historia ya kutunga, kushona na kufuma. Chembe ngumu zilizotoka katika matanuri ya mbali ziligeuzwa na uzi na mikono ya wanawake kuwa kitu chenye sura ya nguo au mkeka.

Ushanga mdogo wa biashara ulitengenezwa kwa kuvuta. Fundi alichukua donge la kioo kilichoyeyuka, akaacha uwazi katikati yake, kisha watu wawili wakalivuta wakienda pande tofauti mpaka likawa mrija mwembamba na mrefu. Mrija ulipopoa ulikatwakatwa vipande. Vipande vilichanganywa na unga wa chokaa na mkaa ili matundu yasizibe, vikazungushwa tena motoni hadi kingo kali zikaviringika. Wahindi walifanya kazi ya namna hii kwa karne nyingi, na kutoka mwishoni mwa karne ya 15 Venice ikawa mshindani wao mkubwa. Baadaye wakaja mafundi wa Bohemia, hasa eneo la Jablonec. Pwani ya Kenya ilikuwa mteja wa zamani wa bidhaa hiyo. Uchimbaji ulioongozwa na mwanaakiolojia Mark Horton miaka ya 1980 huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, ulifukua shanga za kioo katika mji uliokaliwa tangu karne ya 8 hadi mwanzoni mwa ya 15.

Katika karne ya 19 biashara hiyo ilipanda bara kwa mabega ya wapagazi. Msafiri Richard Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860, alitaja aina zipatazo 400 za shanga zilizojulikana Zanzibar. Iliyopendwa kuliko zote ilikuwa samesame, nyekundu kwa nje na nyeupe kwa ndani. Moyo huo mweupe ndio uliofanya wekundu ung'ae, kwani kioo chekundu kitupu huonekana cheusi kikiwa kinene. Mfanyabiashara aliyebeba rangi isiyotakiwa katika nchi fulani alikuwa amebeba mzigo wa mawe. Msafiri mwingine, Joseph Thomson, aliyaona hayo mwaka 1883. Kabla ya kuingia Umaasai, msafara wake ulilazimika kukaa Taveta kutunga shanga upya, maelfu ya nyuzi, kwa urefu uliokubalika huko aendako, la sivyo zisingepokelewa. Mwishoni mwa mwaka huo alivuka Uasin Gishu akielekea Kavirondo, karibu na Ziwa Victoria, akazikuta nyanda hizo karibu hazina watu, kwani Wamaasai wa Uasin Gishu walikuwa wameshindwa vitani na Wamaasai wenzao. Wanandi na Wakeiyo walikaa kandokando yake nyanda hizo.

Wasafiri hao waliandika sana juu ya shanga kama fedha: uzi mmoja kwa kuku, nyuzi kadhaa kwa mzigo wa nafaka. Yaliyotendeka baada ya mauzo waliyapa nafasi ndogo, na hapo ndipo sanaa ilipoanzia. Kwa Wakalenjin, wakiwamo Wanandi na Wakeiyo, shanga zilishonwa kwenye ngozi: mavazi ya wanawake, mikanda, mapambo ya arusi na ya jando. Zilipamba pia sotet, kibuyu cha mursik, yaani maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet. Kifuniko na mikanda ya ngozi ya kibuyu hicho hushonewa shanga, mara nyingine pamoja na kauri. Mistari ya rangi hupangwa kwa kuzunguka, safu juu ya safu, na kwa kuwa ushanga wa kila safu hujibanza penye nafasi ya safu iliyotangulia, jicho huona kitambaa.

Mji ulipoanza, njia ya shanga ilibadilika. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901. Mwaka 1908 msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini ulipanda na magari ya kukokotwa na ng'ombe hadi kwenye nyanda hizo. Posta ilifunguliwa mwaka 1910 kwenye shamba namba 64, na wenyeji wakapaita mahali hapo Sisibo kutokana na namba hiyo. Jina la Eldoret likawekwa rasmi mwaka 1912, na reli ikafika mwaka 1924. Kutoka hapo mwanamke wa Nandi au Keiyo hakusubiri tena msafara. Alinunua shanga dukani, kwa fedha, na kuchagua rangi mwenyewe. Lakini miaka hiyo hiyo nguo za pamba zilichukua nafasi ya ngozi, na mapambo mengi ya kila siku yakabaki kuwa ya sherehe.

Namna nyingine ya kazi hii, inayoonekana zaidi katika bidhaa za sasa, ni kufuma shanga kwenye fremu. Nyuzi za mtande hukazwa sambamba, zikipita idadi ya shanga kwa uzi mmoja. Sindano yenye mshindio hupitishwa chini ya mtande ikiwa imebeba safu nzima ya shanga. Kila ushanga husukumwa kwa kidole cha shahada mpaka ukae kati ya nyuzi mbili. Kisha sindano hurudi kwa juu, ikipita katika matundu yale yale, na safu inafungika. Kwa kuwa kila rangi hukaa katika kijumba chake, mstari wa mshazari hauwezi kunyooka: hupanda kwa ngazi, kama unavyopanda katika ukili wa mkeka. Mikanda na bangili zenye rangi za bendera ya Kenya hufumwa hivyo, na wanariadha wamezivaa kote duniani. Sotet yenyewe ingali ikisafiri hadi uwanja wa ndege wa Eldoret kuwalaki washindi kwa mursik. Uzi siku hizi ni nailoni, na shanga nyingi za kioo hutoka Jamhuri ya Cheki, ingawa za plastiki zimejaa sokoni kwa urahisi wa bei. Hasara yake ni kubwa, kwani plastiki hufifia mahali ambapo kioo hubaki na rangi yake kwa vizazi.

Kufuma kwa maana ya nguo nako si kugeni Eldoret. Kiwanda cha Rivatex kilianzishwa miaka ya 1970, kikafungwa, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 na kuzinduliwa upya Juni 2019. Mtande na mshindio ni maneno ya kazi katika mji huu.

Kwingineko, mafundi wa kioo walitafuta sura hiyo hiyo ya nguo kwa moto badala ya uzi. Karibu mwaka 1940 Carlo Scarpa, akifanya kazi na karakana ya Venini huko Murano, alitoa vyombo vilivyoitwa tessuti, ambamo fito nyembamba za rangi ziliunganishwa zikaonekana kama kitambaa cha milia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Mmarekani Toots Zynsky alianza kulaza maelfu ya nyuzi za kioo na kuziyeyusha pamoja katika tanuri. Nchini Kenya, sanaa ya kioo cha rangi ilipata makao Kitengela, nje ya Nairobi, kupitia kazi ya Nani Croze na baadaye mwanawe Anselm, ambao walijenga utaratibu wa kutumia vioo vilivyotupwa.

Kufuma vipande vya kioo katika tanuri ni kazi ya hatua mbili. Kwanza, vipande vyembamba hulazwa juu ya fito zinazostahimili moto, vikachomwa kwa joto la karibu nyuzi 650 hadi 700 za Selsiasi, vikalegea na kupata mawimbi. Pili, vipande vilivyonyooka hupitishwa chini na juu ya mawimbi hayo, na vyote huchomwa tena, kwa joto la juu zaidi, mpaka vishikane bila kupoteza umbo. Kupoza lazima kuwe kwa polepole sana. Kioo cha dirisha na cha chupa havichanganywi ovyo, kwa sababu havisinyai kwa kiasi kimoja, na kipande kizuri kinaweza kupasuka siku kadhaa baada ya kutoka motoni.

Fundi wa Uasin Gishu anayetaka kujaribu mbinu hii ana vioo vya madirisha yaliyovunjika, na ana michoro iliyo tayari kwenye mikanda ya sotet. Mfano wa kuigwa uko karibu kuliko Murano: makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na makumbusho binafsi aliyoyaanzisha mkusanyaji Stoneham mwaka 1926 na kufunguliwa kwa umma mwaka 1974 chini ya Makumbusho ya Taifa, yanahifadhi vifaa vya jadi vya jamii za eneo hili, na safari ya kutoka Eldoret haimalizi nusu siku.