Aliyeitwa Mtumwa Akawa Siti



Juzi bi harusi mmoja alikuja dukani kwangu hapa Kagongwa kupimwa gauni la nikaha. Akaninong'oneza, "Dada, kwenye risiti usiandike lile jina la mtaani." Utotoni alifanyiwa ukatili, na mtaa ukamwita kwa jina la yaliyomkuta. Aliyemfanyia bado anaitwa kwa jina lake zuri.

Nikamkumbuka Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, kwa wazazi watumwa. Baba yake asili yake ni Unyamwezi, huku huku kwetu bara. Jina alilopewa mtoto ni Mtumwa. Hebu fikiria, mama anamwita mwanawe aje kula, anaita "Mtumwa!" Hata vazi lilisema hivyo hivyo, kwani kaniki ilikuwa nguo ya watumwa. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, wanawake wengi waliiacha kaniki, wakajifunga kanga za rangi na kuvaa buibui.

Mtumwa aliuza vyungu kabla ya kuimba taarab. Alipopata sifa akaitwa Siti, yaani bibi wa heshima. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri za Kiswahili.

Heshima hiyo hakuila peke yake. Wimbo wake "Kijiti" unasimulia habari ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Mwanamume alikimbilia Tanganyika, wakaadhibiwa wanawake waliotoka na marehemu. Siti akalifanya jina la mwanamume huyo kuwa jina la wimbo. Aibu ikamrudia mwenyewe.

Ndiyo maana chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa 1987 na kinachopinga ukatili, kiliita jarida lake Sauti ya Siti.

Na dini yetu imetangulia. Mtume (s.a.w.) alimkuta binti anaitwa Aasiya kwa maana ya muasi (si lile la mke wa Firauni), akamwita Jamila. Suratul Hujurat aya ya 11 inatukataza kuitana kwa majina mabaya.

Dada yangu, mtaani kwako yuko nani anayeitwa kwa jina la maumivu yake? Anza wewe kumwita jina lake.

Kwenye risiti niliandika jina alilopewa na mama yake. Akaisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mkobani.

Allah awastiri mabinti zetu.