Jinsi Tanga Lilivyofika Asembo

Kabla ya kusimulia habari za vyombo hatuna budi kueleza upepo, kwa maana upepo ulikuwapo kabla ya vyombo vyote. Ghuba ya Winam ni mkono wa Ziwa Viktoria, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe, na mkono huo huingia nchi kavu kuelekea mashariki mpaka Kisumu. Asembo Bay iko kwenye ufuo wake wa kaskazini, huko Rarieda katika kaunti ya Siaya, na siku ya anga safi mtu aliyesimama pale huuona mlima Homa ng'ambo ya maji. Mchana jua huipasha moto nchi kavu upesi kuliko maji. Hewa ya bara hupanda, na ile ya ziwani huja kujaza nafasi yake, ndiyo sababu alasiri upepo huvuma kutoka magharibi kuelekea Kisumu. Usiku mambo hugeuka. Milima ya Nandi na nyanda za juu hupoa, na hewa baridi huteremka taratibu kuelekea ziwani. Watu wa pwani huuita upepo wa namna hiyo umande. Chombo kinachoondoka Asembo kabla ya mapambazuko husukumwa kwenda ziwa kuu, na kikisubiri alasiri hurudishwa nyumbani na upepo ule mwingine.

Njia hiyo ya kwenda na kurudi imekuwa wazi tangu zamani sana, na hapo ndipo linapozuka swali la kwanza la historia hii. Mbona wenyeji wa ziwa, ambao walikuwa mabaharia hodari, walikaa muda mrefu bila kutweka tanga?

Ustadi haukuwa haba. Pande za Buganda na visiwa vya Ssese kulikuwa na mitumbwi mirefu ya mbao zilizotobolewa kingoni na kushonwa kwa nyuzi za mimea juu ya mkuku mmoja, na wasafiri wa karne ya 19 walioona misafara ya Kabaka Mutesa walieleza safu za makafi yakipanda na kushuka pamoja. Wasuba wa Rusinga na Mfangano, ambao masimulizi yao yanawaleta kutoka upande huo huo wa ziwa, walikuja na maarifa ya mitumbwi, na majirani zao Wajaluo wakajifunza mengi kwao. Wapo wanaosema kwamba tanga halikutumika kwa sababu mtumbwi wa kushonwa ni mwembamba na mishono yake ingelegea kwa mvuto wa mlingoti. Wengine husema kwamba tanga halikuhitajika, kwa kuwa mtawala aliyetaka kusafiri aliita wapiga makafi kwa makumi nao wakaja. Maelezo yote mawili yana ukweli, lakini mimi naona ya pili yana uzito zaidi. Umbo la mtumbwi wa Ssese halikutoweka misumari ilipokuja. Mpaka leo wavuvi wa Kenya huita boti zao sese, na tanga limetwekwa juu ya umbo hilo bila tabu kubwa. Kilichobadilika zaidi ni idadi ya mikono iliyopatikana kuliendesha, na hilo tutalirudia.

Tarehe 8 Machi 1875 Henry Morton Stanley aliondoka Kageyi, karibu na Mwanza ya leo, katika mashua ya tanga iliyoitwa Lady Alice. Ilikuwa imeundwa Uingereza kwa vipande, vikabebwa mabegani kutoka Bagamoyo na kuunganishwa tena ufuoni. Vitabu vingi husimulia safari hiyo kana kwamba Stanley alikuwa peke yake. Alikuwa na mabaharia kumi na mshika usukani, Waungwana waliotoka naye pwani, na aliyewaongoza alikuwa Safeni. Watu hao waliozoea bahari ya Zanzibar walizunguka ziwa zima kwa muda wa siku 57 hivi, wakapita mbele ya mlango wa ghuba yetu, na usiku mwingi walijikunyata ndani ya mashua wakinyeshewa, bila kujua kama ufuo ulio mbele yao ungewapokea kwa chakula au kwa mishale. Naona ni haki kuanza nao, kwa kuwa ndio mabaharia wa kwanza ambao maisha yao ndani ya chombo cha tanga ziwani humu yameandikwa kwa urefu.

Hawakubaki peke yao. Miaka miwili baadaye mfanyabiashara aliyejulikana kwa jina la Songoro alikuwa akiunda jahazi kisiwani Ukerewe. Desemba 1877 ugomvi na mtawala Lukonge ulimwangamiza, pamoja na wamisionari wawili wa Kiingereza, Shergold Smith na O'Neill. Hata hivyo wazo la jahazi lilikuwa limeshatia mguu majini, na majahazi yaliendelea kuundwa kusini mwa ziwa.

Upande wa Winam mabadiliko makubwa yalikuja kwa reli. Meli iliyoitwa William Mackinnon ilisafirishwa vipande vipande kutoka Mombasa, sehemu kubwa ya njia ikibebwa na wapagazi, ikashushwa majini Kisumu mwaka 1900. Desemba 1901 reli yenyewe ikafika, na ufuo uliokuwa mahali pa kubadilishana nafaka na samaki ukawa bandari. Meli nyingine zikafuata: Winifred, Sybil, Clement Hill. Lakini meli kubwa haiwezi kusogelea kila gati dogo, hasa kwenye ghuba yenye maji ya kina kifupi namna hii. Pengo hilo lilijazwa na majahazi. Wafanyabiashara wa Kihindi, wakiongozwa na Allidina Visram ambaye maduka yake yalienea kutoka pwani hadi Uganda, walikuwa na vyombo vyao vya tanga ziwani, na vituo kama Kendu Bay na Asembo Bay vilikua kwa biashara ya aina hiyo: pamba, ngozi, mahindi na samaki wakavu vikitoka, nguo, chumvi na sukari vikiingia.

Hapa wanahistoria wanaweza kubishana. Je, wavuvi wa Asembo walijifunza tanga kwa wafanyabiashara wa kusini wa zama za Songoro, au kwa majahazi ya zama za reli? Wengine wangeongeza wamisionari na maofisa wa Kizungu, ambao pia walikuwa na mashua. Ushahidi bora uko mbele ya macho yetu, nao ni umbo la tanga lenyewe. Tanga la boti za Winam ni la pembe tatu, limefungwa kwenye foromali ndefu inayoinama kuvuka mlingoti, kama tanga la dau la Lamu au la jahazi la Unguja. Umbo hilo ni la Bahari ya Hindi. Kuhusu wakati, naegemea zama za reli, kwa kuwa ndipo majahazi yalipoanza kutia nanga mbele ya vijiji vya Wajaluo mara kwa mara, na vijana wa vijiji hivyo wakapata kazi ya kuyapakia na kuyaendesha.

Kujua kitu na kukihitaji ni mambo mawili tofauti. Haja ilitokana na kodi ya nyumba. Serikali ya kikoloni iliidai kwa fedha, na ili kuipata vijana walikwenda kufanya kazi relini, katika mashamba ya nyanda za juu na hata bandarini Mombasa. Wapiga makafi waliokuwa wakipatikana kwa kuitwa tu sasa walikuwa mbali, au walitaka ujira. Wakati huo huo, mwaka 1905, Mnorwei aitwaye Aarup alileta kwenye ghuba nyavu za kunasa samaki kwa matundu, ambazo watu wachache wangeweza kuzitega jioni na kuzivua asubuhi. Zamani uvuvi mwingi ulifanywa karibu na nchi kavu, kwa mitego ya matete na makokoro ya mafunjo yaliyovutwa na watu wengi pamoja. Nyavu mpya ziliwapeleka wavuvi mbali zaidi na kuwataka warudi haraka, maana samaki aina ya ngege hangoji joto. Watu watatu au wanne, boti moja, na umbali mrefu: hesabu hiyo ilihitaji upepo.

Hiyo ndiyo sababu ya kiuchumi, na sikatai nguvu yake. Lakini haitoshi kueleza kwa nini kijana aliyekuwa na nafasi ya mshahara aliuacha na kushika usukani. Kazi ya shambani mwa mzungu ilikuwa na kengele, karatasi ya mkataba na kipande cha kitambulisho kilichoning'inizwa shingoni. Ndani ya boti mgawo wa samaki ulijulikana kabla ya kuondoka, mwenye boti na mwenye nyavu wakipata fungu lao na mabaharia lao, na amri iliyotiiwa ilikuwa ya mtu ayajuaye maji. Ulaya na Marekani nako, karibu na miaka hiyo, watu walianza kuvutiwa na maisha ya chombo kidogo. Joshua Slocum alizunguka dunia peke yake kati ya 1895 na 1898, na wengi wakamfuata wakitafuta kupumzika na shughuli za nchi kavu. Wavuvi wa Asembo hawakuwa wakipumzika. Mvuto wao ulitoka ndani ya kazi yenyewe, na nadhani kwa sababu hiyo umedumu vizazi vingi.

Maisha ya ndani ya boti yanastahili kuelezwa polepole. Chombo huundwa kwa mbao, na mvule ndio uliosifiwa kuliko zote kwa kutooza upesi. Nyufa hukalafatiwa kwa pamba, na mara nyingi mafundi hupigilia juu yake vipande vya bati vilivyobanjuliwa. Hata hivyo maji huingia, kwa hiyo daima yuko mmoja anayefua maji kwa kopo wakati wenzake wanatazama tanga. Nyavu zikishategwa, tanga hukunjwa na kugeuzwa blanketi. Jiko dogo huwashwa chini ya ubao wa kukalia, ugali husongwa, na samaki wa kwanza huliwa palepale. Wanaovua omena hufuata mwezi kinyume na mkulima: usiku wa giza ndio wa kazi, kwa kuwa taa huvuta samaki hao wadogo, na mbalamwezi ikijaa watu hukaa bichi wakishona nyavu. Zamani ziliwashwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na za jua, na kutoka vilima vya Asembo usiku wa giza ghuba huonekana kama mji. Boti nyingi huitwa kwa jina la mama au la bibi, na jina hilo huandikwa kwa rangi ubavuni.

Ziwa lilikuwa pia njia ya kuhama. Katika karne ya 20 familia nyingi za Kijaluo zilivuka kwenda Tanganyika, upande wa Musoma, kutafuta ardhi. Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo mwaka 1930, aliiweka hali hiyo katika riwaya yake The Promised Land ya mwaka 1966. Wakati huo meli za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki zilitia nanga Asembo Bay katika mizunguko yao ya ghuba. Mvua kubwa za mwaka 1961 ziliinua ziwa kwa zaidi ya mita 2 katika miaka michache, na fuo nyingi zikahamia juu zaidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 meli ziligawanywa, safari zikapungua, na kazi ya kuvusha watu na mizigo ikazidi kuangukia boti za mbao.

Kisha akaja mbuta. Samaki huyo, aliyepandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, aliongezeka ghafla mwanzoni mwa miaka ya 1980, na viwanda vya minofu vikafunguliwa Kisumu. Mbuta wakubwa walikuwa ziwa kuu, kwa hiyo boti za Asembo zilizokuwa zikilala ghubani sasa zilikaa nje siku kadhaa. Huu ulikuwa wakati wa tanga kubwa kuliko yote. Lakini njia ya mkato ilizibwa. Tuta la barabara lililojengwa Mbita miaka ya 1980 kuunganisha Rusinga na bara lilifunga mlango mdogo, na mwenye tanga aliyetaka kwenda kusini alilazimika kuzunguka kisiwa chote, mpaka daraja lilipojengwa miongo mitatu baadaye. Gugumaji nalo lilifunika sehemu kubwa ya ghuba katika miaka ya 1990, hata boti zikakwama mbele ya fuo zao wenyewe.

Injini zimepunguza matanga tangu hapo. Anayeharakisha mbuta kwenye barafu hawezi kungoja alasiri, na injini humtoa mtu kwenye dhoruba ambayo tanga lingemwacha ndani yake. Hilo si jambo dogo: makadirio yanayotajwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa kila mwaka katika ziwa hili, wengi wao wavuvi waliokutwa na dhoruba za usiku. Lakini petroli ni ghali, na wavuvi wengi wenye injini bado hubeba mlingoti uliolazwa ndani ya boti.

Machi 2021 jahazi Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa fukweni chini ya uongozi wa fundi Ali Skanda, lilifikishwa Kisumu kwa barabara na kuanza safari ya kuzunguka ziwa kupitia Uganda na Tanzania. Lilikuja kutoka pwani kwa nchi kavu, kama Lady Alice na William Mackinnon kabla yake, na foromali yake iliinama kuvuka mlingoti kwa namna ile ile ambayo wavuvi wa Asembo hufunga matanga yao alfajiri, umande unapoanza kushuka kutoka Nandi.