Simba Wawili na Bili za Kanjo

Ukipita Banda Street utawaona: simba wawili wa mawe mbele ya maktaba ya McMillan, wametulia kama walinzi waliochoka. Jengo lilifunguliwa 1931. Lady Lucie McMillan alilijenga kumkumbuka mumewe Northrup, bwanyenye wa Ol Donyo Sabuk. Hadi 1958 lilikuwa la Wazungu peke yao. Mimi na wewe tungeishia hapo kwa simba.

Kanjo ilipolirithi ilirithi na bili: paa, mishahara, halafu matawi ya Kaloleni na Makadara kule Eastlands. Na kanjo hiyohiyo ndiyo iliyouza maji, ikazoa taka, ikadai reti za ardhi. Sasa fikiria meza ya bajeti. Bomba likipasuka, mtaa mzima unapiga kelele kabla ya saa nne. Kitabu kikiliwa na mchwa, nani anapiga simu? Diwani anajua hesabu hiyo vizuri sana.

Mwishoni mwa 2003 maji yalipewa kampuni yake, bado mali ya jiji. Maktaba haikupata kampuni wala bili ya kumtumia mtu. Iliendelea kuchakaa polepole, kimya, jinsi inavyotakiwa maktaba iwe.

Mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha Book Bunk kuzifufua. Kaloleni na Makadara zikatengenezwa kwanza, kwa pesa za wafadhili zaidi. Reti zetu je? Hilo waulize kaunti. Simba wa mjini, wao walingoja zamu.