Haki ya Kujibu Hewani

Tarehe 27 Novemba 1964, stesheni ndogo ya WGCB, katika mji wa Red Lion, jimbo la Pennsylvania, ilitangaza mahubiri ya robo saa ya mchungaji Billy James Hargis, mhafidhina mashuhuri na adui mkubwa wa ukomunisti. Na ndani yake akamshutumu mwandishi Fred Cook, ambaye mwaka huohuo alikuwa ametunga kitabu cha kumlaumu Barry Goldwater, mgombea urais wa chama cha Republican. Cook aliomba apewe nafasi ya kujibu bila malipo, akanyimwa. Na daawa hiyo, iliyozaliwa na dakika 15 za maneno, ikapanda daraja kwa daraja hata ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo mwaka 1969 ilihukumu, pasi na jaji hata mmoja kupinga, kwamba haki ya wasikilizaji hutangulia haki ya mwenye mitambo.

Hukumu hiyo ilisimama juu ya kanuni ya insafu, iliyowekwa mwaka 1949 na tume ya serikali ya mawasiliano, iliyowataka wenye stesheni wazungumze mambo yanayohitilafiwa na umma, na wasinyime rai pinzani nafasi yake. Naiona kanuni adilifu. Kwani waliokumbuka Januari 1935, padri Charles Coughlin wa Michigan alipowahimiza wasikilizaji wake waipinge Mahakama ya Dunia, na simu za maandishi zikawamiminikia maseneta hata mkataba wa kujiunga nayo ukashindwa siku mbili baadaye, walijua jinsi sauti moja isiyojibiwa iwezavyo kuyageuza mambo ya dola.

Tume ikaitangua kanuni hiyo Agosti 1987, baada ya Rais Reagan kuukataa mswada wa kuifanya sheria. Hoja ya tume haikuwa batili yote: stesheni nyingi, kwa kuhofia madai ya kujibiwa, zilikuwa zikiyakwepa mazungumzo mazito.

Haukupita mwaka. Tarehe 1 Agosti 1988 Rush Limbaugh, mzaliwa wa Missouri, alianza kusikika nchini kote, kila siku ya kazi, katika masafa ya AM ambayo muziki ulikuwa umeyahama kwenda FM, na ambayo wenyewe walikuwa wakitafuta cha kuyajazia. Nao wakapewa kipindi chake bila fedha, kwa sharti la kumwachia dakika kadhaa za matangazo ya biashara. Alikuwa na kipaji kikubwa, na mzaha wake uliwapendeza hata baadhi ya mahasimu wake. Lakini taathira yake ilitokana hasa na ukaribu na mazoea: dereva aliye peke yake ndani ya lori, aliyeisikia sauti ileile mchana baada ya mchana bila mpinzani kuketi mbele ya kipaza sauti cha pili, aliishia kuihesabu kuwa ya sahibu yake. Katikati ya miaka ya tisini stesheni zaidi ya 600 zilimchukua. Na Republican walipolitwaa Baraza la Wawakilishi mwaka 1994, baada ya miaka 40, wabunge wapya walimfanya mwanachama wa heshima wa kundi lao.

Kanuni ya shutuma binafsi, tawi la ile ya insafu lililompa Cook ushindi, ilisalia vitabuni hadi mwaka 2000, ilipofutwa kwa amri ya mahakama. Cook alikuwa bado hai; alifariki mwaka 2003.